Rali Aliyotandikiwa Wadero

Sabhai alikuwa na mkono mzito, na pale kijijini kwa Mithan hakuna asiyeujua. Mume wa jirani aliwahi kumburura mkewe kwa nywele hadi mbele ya mlango wake. Sabhai akaiacha sindano ikining'inia kwenye uzi, akainuka, akamzaba yule bwana kofi lililomkalisha kwenye tope na kukirusha kilemba chake miguuni mwa nyati. Kisha akarudi mkekani akaendelea kushona. Wanawake waliokuwa wakishona naye walicheka mpaka wakajichoma vidole.

Mkono huohuo ndio uliokuwa ukishona maji.

Alizaliwa ndani ya mashua, enzi ambazo watu wa ukoo wao, Wamohana, walikuwa bado wanaishi juu ya ziwa mwaka mzima. Wakipika humo, wakizaliana humo, wakigombana humo. Baba yake, Jumo, alikuwa mtu wa hasira za karibu. Mama yake alikuwa mshonaji wa rali, yale matandiko ya viraka ambayo binti wa Sindh haolewi bila kuwa nayo. Nguo kuukuu hupangwa tabaka juu ya tabaka, juu yake vikawekwa viraka vya rangi, kisha vyote vikashikizwa pamoja kwa bandi, mstari baada ya mstari, karibukaribu. Mistari ya mama ilikuwa imenyooka kama pondo.

Siku moja wavu ulitoka mtupu, chai ikachelewa, na Jumo akaichukua pondo akamchapa mkewe mgongoni. Mke hakulia. Jumo akaona haijatosha. Akaikwapua rali aliyokuwa akiishona, kazi ya kipupwe kizima, akaitupa ziwani. Sabhai, wakati huo bado hajavunja ungo, akajirusha nyuma yake. Aliikuta inazama polepole, imekunjuka yote, na jua lililopenya majini limeipinda ile mistari. Hakukuwa na hata mmoja ulionyooka. Ilitetemeka, ikajikunja, ikafukuzana. Akaikamata, akaibuka nayo pua zinavuja damu, na badala ya kupanda mashuani akabaki palepale anacheka.

"Mtoto huyu ana wazimu," Jumo alisema, na alipomvuta ndani akampa kofi lake naye.

Tangu hapo Sabhai hakushona tena mstari ulionyooka. Mama alimgonga vidole kwa mwiko. "Nyoosha! Nani ataoa msichana anayeshona kama mlevi?" Sabhai alivuta mkono, akapuliza vidole, akapinda tena. Alijifunza jinsi maji yanavyogawanyika kwenye matete, jinsi yanavyofunga nyuma ya bata anayeogelea, jinsi upepo mdogo wa asubuhi unavyoyakwaruza. Yote aliyatia kwenye kitambaa kwa bandi tupu, uzi mweupe juu ya buluu, na ukiitazama rali yake kwa muda ulidhani inasogea.

Aliyemwoa ni Bachal, mlinzi wa tuta. Ziwa lile limezungushiwa tuta refu la udongo, na kazi ya Bachal ilikuwa kutembea juu yake na beleshi begani, kutazama panya wametoboa wapi na maji yanachuruzika wapi, akaziba. Kwa hiyo Sabhai alihama majini, akaja kuishi kwenye nyumba ya udongo chini ya tuta, na wengi wa ukoo wake wakafuata kadiri samaki walivyopungua. Bachal alikuwa mpole kiasi cha kukera.

"We mwanamume," Sabhai alimwambia mara moja, "hata nyati unamwomba radhi?"

"Nimemkanyaga mkia."

"Na yeye alipokukanyaga mguu wiki ile alikuomba?"

"Alinitazama vizuri tu," Bachal alisema, na Sabhai akacheka hadi akashika kiuno.

Walijaliwa binti mmoja, Naziran. Na kabla ya Naziran alikuwepo Rajab, mdogo wake Sabhai, ambaye mama alifariki akimwacha anatambaa. Sabhai alimlea kiunoni, akamlisha wali uliolainishwa kwa mchuzi wa samaki, akampigania kwa kila aliyemgusa. Rajab alipoota masharubu hakutaka wavu wala beleshi. Alikwenda kwa Wadero Qaim Khan, mwenye ardhi yote ya mpunga upande wa pili, akapewa bunduki ya kutundika begani na watu wa kufokea. Akija kumsalimia dada yake alikuwa anakaa kitandani bila kuvua viatu.

Mwaka wa mafuriko makubwa, mvua ilinyesha mpaka watu wakasahau rangi ya mbingu. Milimani maporomoko yalishuka, mito ikamwaga yote ziwani, na ziwa likapanda hadi ukisimama juu ya tuta unaweza kuinama ukanawa mikono. Bachal hakulala nyumbani. Wanaume walijaza magunia udongo, wanawake wakayabeba vichwani.

Rajab alikuja mchana, amelowa, hakukaa.

"Dada, hamisha vitu vyako."

"Nivihamishie wapi? Kwapani?"

"Usifanye mzaha. Sain Qaim Khan ameamua. Kesho tuta linakatwa."

"Wapi?"

Rajab alitazama ukuta. "Hapa kwenu. Maji yakitokea hapa, mpunga wake unapona. Na mji wake."

"Na sisi?"

"Ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Bachal alikuwa ameingia anajikamua shati. "Rajab ndugu yangu, hapa kuna wazee. Kuna mke wa Lakho, amejifungua juzi. Mimi nimewekwa kulilinda tuta hili."

"Shemeji, wewe umewekwa kuziba mashimo ya panya. Usijifanye askari."

Birika lilikuwa linachemka mekoni. Sabhai alilinyanyua kwa mkono mtupu, akammwagia kifuani. Rajab alipiga yowe, akarudi nyuma akijibandua shati kwenye ngozi, na mlangoni akageuka machozi yakimtoka.

"Nimekuja kukuokoa, we mwanamke!"

"Nenda kamwokoe bwana wako. Mwambie na sisi tuna mashoka."

Walikuja asubuhi yake, mvua ikiwa imepumzika kidogo. Katapila la njano lilitangulia likitambaa juu ya tuta, nyuma yake gari la wazi lenye watu wenye bunduki, na kwenye kiti cha mbele Shero, mpwa wa Wadero, kijana wa miwani ya jua siku isiyo na jua. Rajab alikuwa amening'inia ubavuni mwa gari, shati wazi, kifua chekundu. Kijiji kizima kilikuwa juu ya tuta. Wanawake walijilaza tumbo chini kwenye udongo, bega kwa bega.

"Watoeni hawa," Shero alisema, kana kwamba anazungumzia mbuzi.

Watu wake wakaanza kuwavuta kwa miguu na kwa nywele. Jiwe la kwanza halikujulikana limetoka kwa nani. Lilimpata mmoja mdomoni akatema meno. Kitako cha bunduki kikashuka juu ya mgongo wa mzee. Mashoka yakainuka. Katikati ya vurugu ile katapila likazungusha mkono wake kando, likachota pande la tuta, likachota tena, na Bachal akaenda akasimama chini ya kile kijiko chenye meno, beleshi mkononi, mkono wa pili ameuinua kama mtu anayesimamisha gari barabarani.

"Hapana, ndugu zangu," alisema. "Hapana."

Shero alimpiga risasi akiwa karibu kiasi cha kugusana. Bachal alikaa chini kama aliyechoka, akatazama shati lake, kisha akalala ubavu.

Sabhai alikuwa mbio tayari. Rajab alimdaka kwa nyuma, mikono yote miwili, akimnong'oneza sikioni, "Tulia dada, tulia, watakuua na wewe." Sabhai alimng'ata mkono mpaka akausikia mfupa. Rajab alipolegeza, Sabhai akaokota beleshi la mumewe, akageuka nalo kwa nguvu zote za mwili wake. Makali yalimpata mdogo wake chini ya sikio, yakashuka hadi kidevuni. Taya lilivunjika kwa sauti iliyosikika juu ya mlio wa injini. Rajab akaanguka magoti, ameushikilia uso wake usidondoke.

Dereva wa katapila alipigwa tofali kichwani, akaruka akakimbia na kuliacha dude linanguruma lenyewe. Lakini mfereji ulikuwa umeshafunguka. Mwanzoni maji yalipita kimya, mapana kama kiganja, ya rangi ya chai. Watu wa pande zote mbili waliacha kupigana, wakayatazama. Wengine walirukia magunia. Kisha tuta likakohoa.

Yale hayakuwa maji aliyoyajua Sabhai. Yalisimama. Yalikuja ukuta mmoja wa kahawia, yakimeza kingo za udongo kwa matonge, yakisaga mawe ndani yake kama meno. Katapila liliinama kwa pua, likapinduka, likaonyesha tumbo lake na kupotea. Watu wawili wa Shero waliokuwa wamesimama nalo hawakupata hata muda wa kupiga kelele. Mke wa Lakho alimrusha mtoto wake juu, mtu akamdaka. Mama mwenyewe hakuonekana tena. Chini, nyumba zilikaa kidogo, zikalainika, zikajilaza moja baada ya nyingine, na nyati waliofungwa walinyoosha shingo hadi kamba ikawavuta chini.

Sabhai alimkamata Bachal kwenye ukosi wa shati akamburura juu ya tuta, na nyuma yake tuta likawa linakatika hatua ile aliyotoka kuikanyaga. Hakugeuka. Hakuacha ukosi.

Walimzika palepale juu ya tuta, kwa kuwa makaburi yalikuwa chini ya maji. Sanda haikupatikana. Mzee Dittal, mkubwa wa ukoo, alifungua kilemba chake cheupe, mzunguko kwa mzunguko, wakamvisha hicho.

Ukanda ule wa udongo ukawa ndio kijiji: mahema ya turubai, mbuzi, watoto wenye kuhara, maji kila upande. Wanawake wengine walilia. Sabhai hakutoa hata chozi; alipiga watu. Alimpiga mgawa unga aliyemsukuma Naziran kwenye foleni. Alimpiga mbwa aliyelifukua kaburi, akamuua. Naziran akaanza kumwogopa.

Kisha siku moja akaomba sindano. Akakusanya nguo zilizookolewa majini, zile ambazo wenyewe hawatazivaa tena, akazifua, akazichana. Turubai jeusi, shuka za kahawia, gunia. Akazitandaza tabaka kwa tabaka, akaanza kupiga bandi. Lakini sasa alikuwa anauvuta uzi kwa hasira, kila mshono akiukaza mpaka kitambaa kinajikunja na kuinuka migongo migongo. Subana ilikuwa imekwenda na mafuriko. Aliisukuma sindano kwa kidole kitupu, na damu ikaingia kwenye kazi, akaishona juu yake. Mistari haikufuatana tena kwa adabu. Iligongana, ikapandana, ikageukiana kama mbwa. Pembeni aliweka kiraka kidogo cha njano ya katapila, kimelala kichwa chini. Na katikati kabisa aliliweka shati la Bachal, upande wa kifua. Tundu la risasi hakuliziba. Alilizungushia bandi, mzunguko juu ya mzunguko, kama maji yanavyozunguka shimo.

Wanawake walikuja wakitazama, wakaondoka bila kusema. Mmoja alimtoa mtoto wake pale, akamfunika macho.

Maji yalipoanza kushuka, Wadero alileta ujumbe kwamba anataka kuja kumaliza maneno. Polisi wa wilaya walikuwa wameanza kuuliza habari za maiti, na yeye alitaka mambo yamalizwe kwa desturi, wakubwa na wakubwa, taya la Rajab lihesabiwe upande huu na Bachal upande ule, watu washikane mikono. Mzee Dittal alikubali; alikuwa mzee, na kila mtu alikuwa na njaa. Kitanda cha kamba kikawekwa mbele ya mahema. Na mgeni wa heshima hawezi kukalishwa kwenye kamba tupu.

"Sabhai," mzee aliita, "una rali yoyote iliyopona?"

"Ninayo."

Aliitoa, akaikung'uta, akaitandika. Wadero Qaim Khan alikuwa ameshafika, mnene, viatu vyeupe, Shero kuume kwake, watu wa bunduki nyuma. Rajab alikuwa mwisho wa msafara, kichwa kimefungwa bandeji, uso umekaa upande. Wadero akakitazama kile kitu kitandani.

"Hii nini?"

"Maji yako, sain," Sabhai alisema. "Karibu ukae."

Wadero alilitazama shati, akaliona tundu, akaelewa. Halafu akatabasamu, akainua pindo la kanzu yake, akakaa. Alikaa pembeni kidogo, lakini alikaa.

"Mshono mzuri," alisema. "Leteni chai."

Shero hakuweza. Alisimama anakitazama kile kiraka cha njano, shingo imemvimba. "Mjomba, huyu mwanamke anatutukana, na wewe unamkalia!" Akachomoa kisu, akaipasua rali kutoka ukingoni hadi kwenye shati, pembeni kabisa ya paja la mjomba wake.

Hapo ndipo Rajab alipojongea. Maneno yalimtoka yamepondeka, mate yanamvuja, lakini alihakikisha kila mtu anamsikia.

"Shero ndiye aliyempiga shemeji yangu. Na sain ndiye aliyesema, akisimama mtu, pigeni. Nilikuwepo. Nitasema hivyohivyo mbele ya jaji."

Wadero hakuinua hata sauti. "Mfungeni mdomo."

Kitako cha bunduki kilitua palepale penye bandeji. Rajab alianguka, na watu aliokuwa akila nao sahani moja wakamkanyaga mbavu, wakamtwanga kichwa, mmoja akimpiga kwa kisigino kama anayeua nge. Hakuna aliyemwona Sabhai akitoka. Walimwona tu amemlalia juu mdogo wake, na visigino vinatua mgongoni mwake yeye.

"Mtoto niliyemlea mimi!" alikuwa anapiga kelele. "Nikitaka kumuua nitamuua mwenyewe!"

Hapo kijiji kikalipuka. Naziran alitangulia na kuni inayowaka. Lakho, mwanamume ambaye tangu mafuriko alikuwa hajasema neno, alimrukia Shero, wakabingirika pamoja hadi kwenye tope, na alipoinuka alikuwa na kile kisu na Shero hakuwa na sikio moja. Bunduki ililia juu, ikalia tena, ikamchuna mwanamke bega. Wanawake walimzingira aliyeishika, wakampokonya, wakampiga nayo. Wadero alitolewa pale anabebwa kwapani na watu wake, kiatu kimoja kimebaki, kilemba kimekanyagwa na kila aliyepita. Chai aliyoagiza ilikuwa bado inachemka.

Jioni ile Rajab alikuwa hemani mwa dada yake, anatetemeka meno yanagongana, mkojo wake una damu. Upepo wa baridi ulikuwa umeanza na blanketi hakuna. Sabhai, mwenyewe hawezi kuunyoosha mgongo, aliikusanya ile rali iliyopasuliwa, akairusha juu yake, akampa kisogo akalala. Hakumwambia neno. Kesho yake alimlisha uji kwa kijiko, na hakumwambia neno. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Rajab alikwenda mahakamani, akasema aliyoahidi, akarudi chini ya ulinzi. Shero alifungwa. Wadero hakufungwa, watu wa upande wake wanamwamkia mpaka leo mikono imekunjwa, na mpunga wake unaota. Lakini hajapita tena juu ya tuta lile. Kijiji kilishuka chini tope lilipokauka, kikajengwa upya juu ya vifusi vyake. Rali ile Sabhai aliishona palipopasuka kwa uzi wowote uliokuwepo, kwa sababu kipupwe hakikusubiri, na Rajab akaendelea kujifunika.

Naziran alipochumbiwa, mama akaanza kumshonea za kwake. Wiki ya pili binti akaipapasa ya kwanza, akaisukuma.

"Mama, nitalalaje juu ya hivi? Ni matuta matupu. Yanauma."

"Ndiyo mkono wangu ulivyo."

"Mkono wako haukuwa hivi. Mume wangu atadhani nimemletea kaburi."

Sabhai alimzaba kofi. Kisha akaketi, akaitazama kazi yake, akaona kweli uzi umekazwa kila mahali, hata alipodhani amelegeza. Akaanza kulia, sauti ikimtoka tumboni, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya sanda. Naziran akaogopa kilio kile kuliko kofi lililokuwa bado likimwasha shavuni, kwa hiyo akakaa naye karibu, akachukua sindano ya pili. Walizifumua bandi zote. Walishona pamoja hadi arusi, binti akimwambia, "Legeza, mama. Legeza kidogo," na mama akitukana, akilegeza.

Bibi arusi alipoondoka juu ya trekta na rali zake zimefungwa marobota, nyumba ilibaki na ndugu wawili wasiosemezana. Haikupita muda wakaja wanawake kutoka vijiji vya ng'ambo, vilivyozama mwaka uleule. Walikuwa wamebeba nguo kwenye vitambaa: gauni la mtoto, shali, suruali ya mtu aliyeonekana mara ya mwisho juu ya mti. Hawakueleza sana. Waliziweka mkekani mbele ya Sabhai.

Alipomaliza kuzichana, alianza kuzitandaza uani. Upepo ukawa unazipeperusha. Rajab alikuwa ameketi mlangoni, taya lake limepinda, anamtazama.

"Ni za nani hizo?" aliuliza, bila kutarajia jibu.

"Za watu wa Bubak, wale wa ng'ambo," Sabhai alisema. "Usikae hapo kama gunia. Shika upande ule, vuta."

Rajab alisimama haraka mno, akajikwaa, akashika.